Kuku Mgeni wa Shangazi Rosalba

Jumamosi asubuhi Akwero alifunga sufuria zake ndani ya shuka la kijani, akakalia godoro lililokunjwa, akamwambia mumewe kwamba lori la pamba linaondoka saa nne na yeye na watoto watakuwa juu yake. Faustino Ongom alikuwa mlangoni, ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Alisema yeye hawezi kuhama Namuwongo, mtaa wake wa Kampala. Jumapili kulikuwa na gwaride, na bendi ya polisi bila tarumbeta ni kitu gani?

"Ni ngoma," alisema Akwero. "Wapige ngoma."

Ulikuwa mwaka wa sabini na saba. Sukari ilikuwa imepotea madukani, sabuni nayo imepotea, na watu wa kaskazini walikuwa wanapotea pia, ila wao hawakuuzwa kwa magendo. Wiki mbili nyuma Saverio, aliyepuliza tarumbeta bega kwa bega na Faustino, alichukuliwa sokoni mchana kweupe na watu wa miwani myeusi, nyanya zikiwa mkononi. Muuza nyanya alikuwa muungwana, akazipeleka nyumbani kwa mke wa Saverio. Saverio mwenyewe hakurudi. Mkewe Hortense, Mkongo aliyekuwa akiuza vitenge kando ya reli, alizipika zile nyanya, akamwekea mumewe sahani, akangoja.

"Mimi sitaki kuletewa nyanya, Baba Akidi," alisema Akwero, na machozi yakamtoka. "Naogopa. Nikisikia gari tu, nawaficha watoto uvunguni."

Faustino hakuogopa afande yeyote, lakini machozi ya mkewe aliyaogopa. Alifuta povu la shavu moja, shavu la pili akaliacha na ndevu zake, akapanda lori.

Sasa mjue kwamba Faustino alikuwa mtoto wa mjini kabisa. Alizaliwa kambini, akakulia kambini, na maisha yake yote hakuwahi kulala mahali ambapo treni haipiti. Walipovuka daraja la Karuma alitazama nyuma kama mtu anayepelekwa jando. Walipofika kwa shangazi yake Rosalba, upande wa Kitgum, alikaa nje ya nyumba ya nyasi akauliza ile kelele ni ya nini. Akaambiwa hakuna kelele. Akasema ndiyo hiyo hiyo, inamuumiza masikio. Binti yake Akidi na mdogo wake walikuwa wamekwisha kupotelea kwenye shamba la ufuta, wanacheka.

Akwero alikuja na kuku jike wa madoadoa kutoka Kampala. Kwa watu wa huko, kuku mgeni huzungushwa kwenye mafiga ili apajue kwake asije akatoroka: jogoo mara tatu, kuku jike mara nne, kwa kuwa mambo ya kiume huko huenda kwa tatu na ya kike kwa nne. Shangazi Rosalba alimpa Faustino ambebe kuku, maana ndiye mwanamume wa nyumba, na yeye akasimama pembeni na kusema maneno: "Hapa ndipo kwako. Jua likitua, rudi." Katika mzunguko wa tatu kuku alimharibia Faustino shati lake la kutokea. Faustino akamtupa chini.

"Shangazi, inatosha. Kuku mwenyewe hana adabu."

Rosalba alimtazama kuku, kisha akamtazama mpwa wake, tena kwa muda mrefu.

"Mara tatu," alisema. "Haya. Ni yako basi."

Kesho yake kuku alikwenda zake na hakuonekana tena. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ya Faustino haikuonekana kwa macho, hiyo tu ndiyo tofauti.

Aliigundua wiki ya pili. Alidai anakwenda kusalimia wenzake wa bendi mara moja tu, akadandia lori alfajiri. Jioni, kuku wa Rosalba walipokuwa wanaingia mmoja mmoja kwenye tenga lao, Faustino naye alitokea nyuma ya jiko, akasimama karibu na mafiga, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi.

"Nilikuwa Bombo," alisema. "Bombo, Mama Akidi! Nimekwisha anza kuinusa Kampala."

Akwero alimpa maji. Rosalba alisema, "Si ulizunguka mara tatu?" na mazungumzo yakaishia hapo. Alijaribu tena kwa basi, akajaribu kwa baiskeli ya padri. Jua likigusa miti tu, yuko jikoni, na baiskeli imebaki huko huko, mpaka padri akakasirika. Mwishowe Faustino alishika jembe, akawa anapalilia ufuta vibaya sana.

Watu wa miwani myeusi walifika Alhamisi moja asubuhi katika Peugeot nyeupe. Walivaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, visigino vyake vinene vikawa vinazama mchangani, kwa hiyo walitembea kama watu wanaovuka mto. Kiongozi wao alitaka wote wamwite Afande, wakamwita Afande.

"Faustino iko wapi?"

"Ni mimi, afande."

"Wewe nakwenda na sisi Kampala. Mkubwa nataka kuuliza wewe maneno kidogo."

Kila mtu alijua maneno kidogo maana yake nini. Walimfunga mikono kwa mbele kwa kamba mpya, wakamtia kwenye buti la gari, wakaondoka. Akwero alianguka chini akalia mpaka sauti ikakauka. Rosalba aliendelea kupepeta ufuta.

"Weka maji ya kuoga," alisema. "Atakuja na vumbi."

Akwero alimtukana shangazi wa mumewe siku ile, tusi ambalo halirudiwi hapa. Halafu, kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kufanya na mikono yake, aliweka maji. Jua lilitua. Kuku waliingia, wa mwisho akiwa yule kilema, na nyuma ya kilema akaingia Faustino, mikono imefungwa, shati lina grisi, mifuko ya suruali imetuna.

"Ni sukari," alisema. "Nifungueni."

Akwero alimfungua kamba huku anampiga kofi, anamkumbatia, anampiga tena. Sukari ikamwagika, watoto wakailamba chini pamoja na mchanga wake. Faustino alieleza kwamba walifika Kampala saa tisa, wakamfungia katika nyumba moja ya mlimani iliyokuwa ya Mhindi wa vitambaa kabla Wahindi hawajafukuzwa. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la sukari waliyonyang'anya watu barabarani. Yule mkubwa mwenye maneno yake alikuwa mtu wa kulala mchana. Aliamka jioni, akaoga, akala, akaja kuhoji saa mbili za usiku, na kwa wakati huo Faustino alikuwa kijijini anakunywa chai yenye sukari.

Wiki iliyofuata Afande alirudi, amekasirika.

"Wewe nalitoroka!"

"Hapana, afande. Jua lilitua."

Afande alilifikiria jambo hilo kidogo. "Leo hapana toroka."

"Sitoroki, afande," alisema Faustino, wala hakudanganya.

Basi ikawa hivyo. Amri ya kumleta Faustino ilikwisha kutoka juu, na hapakuwa na mtu wa kuthubutu kwenda juu kuiuliza, kwa hiyo kila Alhamisi waliitimiza upya. Kila Alhamisi ilileta kamba mpya. Mbuzi wa kijiji kizima walifungwa kwa kamba za serikali, na kamba nyingine zikaoza bure. Majirani wakaanza kuagiza. "Faustino, kesho ukichukuliwa usinisahau, chumvi kidogo." "Faustino, sabuni, hata kipande." Naye alileta, maana ghala lilikuwa na kila kitu kilichokosekana Uganda. Buti lilikuwa na tundu la kutu, na kwa tundu hilo aliisikia Kampala yake: muziki wa Kamwokya, wapiga debe, nyama ya kuchoma ya Wandegeya ikimpita puani. Alirudi amechangamka, anawasimulia watoto. Kusema kweli kazi ya kukamatwa ilimfaa kuliko ya bendi.

Akwero tu ndiye aliyeshindwa kuizoea. Alhamisi hakula. Siku za mawingu zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kuku hukosea saa, na aliogopa miguu ya mumewe nayo itakosea. Alikaa jikoni na maji ya kuoga mpaka amwone.

Kisha jioni moja Faustino alirudi, akawapita watoto. Alioga, akakaa, akasema walinzi wamechoka kumfungia, leo wamemwacha uani, na huko amemwona Saverio. Yuko hai. Anawapikia walinzi posho, ule ugali wao, kwenye mafiga ya mawe, amekonda, sikio moja halisikii. Ameachwa hai kwa sababu ya mkono wake wa kupika. Kila asubuhi wengine huitwa wakapakiwa lori, walinzi husema wamehamishwa, na viatu vyao hubaki. Sasa walinzi wamepata mpishi mwingine.

"Nilimshika mkono jua lilipokuwa linatua," alisema Faustino. "Nilimshika kwa nguvu zangu zote. Nimefika hapa nimeshika hewa."

Habari zilipelekwa Namuwongo na dereva wa pamba, na kabla ya Alhamisi Hortense alishuka kijijini na robota la vitenge na bakuli la sombe, yale majani ya muhogo wanayoyapenda kwao. Hakusalimia watu wengi. Alipiga magoti mbele ya Rosalba.

"Mama, niko naomba. Bwana yangu naye bamuzungushe."

"Mtu huzungushwa penye mafiga, binti yangu," alisema Rosalba, "na mafiga atakayozunguka ndiyo kwake. Yeye yuko kule. Hapa hafiki."

"Akizunguka kule, batamuua?"

"Watamchukua. Jua likitua atarudi."

"Atarudi wapi?"

"Kule kule."

 Akwero alikaa chini pembeni yake, akamshika mkono, kwa kuwa yeye pekee pale alijua swali lile lina uzito gani. Ufuta mwingi ulipepetwa kabla Hortense hajasema tena.

"Basi azunguke," alisema. "Akuwe muzima kwanza."

Alhamisi Faustino alichukuliwa kama kawaida, bakuli la sombe magotini. Uani kwa walinzi palikuwa na kuku wengi walionyang'anywa watu vizuizini. Alimweleza Saverio jambo lote kwenye sikio linalosikia, pamoja na ubaya wake, bila kumficha kitu. Saverio aliuliza kama Hortense anajua. Alipoambiwa anajua, alikamata jogoo mwekundu ili walinzi wasishtuke, akazunguka naye mafiga mara tatu, taratibu, huku Faustino akisema maneno. Walinzi walidhani anapima uzito wa kitoweo.

Kesho yake asubuhi Saverio alipakiwa lori pamoja na wengine. Jioni alikuwa uani anakoroga posho. Shati lake lilikuwa na matundu mawili mapya mgongoni, akaomba sindano na uzi. Walinzi waliuliza kama posho imeiva. Wakaambiwa bado kidogo.

Walimpakia tena na tena, mpaka dereva wa lori akalalamika kuhusu petroli. Wafungwa wengine waliona, nao wakaomba kuzungushwa, mmoja baada ya mwingine, jogoo akichakaa anabadilishwa. Tangu hapo hakuna aliyekufa katika nyumba ile ya mlimani, na hakuna aliyetoka. Yule mkubwa wa kulala mchana hakuuliza sababu. Aliamuru kijengwe chumba kingine, na kilipojaa akaamuru cha tatu.

Hortense hakurudi Namuwongo. Alijenga nyumba ndogo ya nyasi karibu na kwa Akwero, akawauzia vitenge wanawake wa huko, akajifunza lugha yao kwa makosa yaliyowachekesha mpaka wakashika mbavu. Siku za Alhamisi alitwanga sombe alfajiri. Watoto walioona vumbi la Peugeot walikimbia barabarani wakishangilia, na Afande, ambaye siku hizi alivaa kandambili, alipewa kibuyu cha ufuta uliosagwa awapelekee watoto wake. Faustino aliingia mwenyewe kwenye buti. Hortense alimwekea bakuli mapajani, akakifunga kitambaa cha juu vizuri, akafunga buti kwa mkono wake.

Jioni wanawake wawili walikaa jikoni wakitazama kuku wakiingia. Faustino alikuja, akampa Hortense bakuli. Lilikuwa tupu, limeoshwa.

"Amekula?"

"Amekula yote. Anasema chumvi haikutosha."

Hortense alicheka mpaka akafuta machozi, akasema mwanamume yule alikuwa hivyo hivyo tangu amwoe, chumvi haimtoshi. Akwero alimmiminia mumewe maji ya kuoga.

"Na nyumbani?" aliuliza Hortense baadaye. "Ameuliza nyumbani?"

"Anauliza kila mara," alisema Faustino. "Mimi humwambia uko salama."

Alhamisi iliyofuata Hortense aliongeza chumvi, na gari likaja.