Jaribio la Nne

Wiki nzima hakuna aliyemgombeza Tobin Haverkamp, na hilo ndilo lililokuwa likimtia wazimu.

Jumamosi iliyopita timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Kettle Bluff ilikuwa nyuma kwa pointi tatu, saa inakimbia, mstari wa goli uko karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuutemea mate. Timu yenyewe ni watoto watupu, maana waliokomaa walihitimu wote kwa mkupuo. Mrushaji, yule anayepokea mpira kwanza na kuamua uende kwa nani, ni Tobin, mwaka wa kwanza, ndevu bado zinasitasita. Sasa, kila timu hupewa majaribio manne ya kusogea mbele. Ukitaka saa isimame, unaupigiza mpira chini, unapoteza jaribio moja, mnapumua na kujipanga upya. Mtoto yeyote wa hapa jimboni Nebraska anajua hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Tobin akaupigiza mpira chini kwa nguvu zake zote, na saa ikasimama kweli. Lo! Kumbe lilikuwa jaribio la nne, la mwisho. Mpira wakapewa wapinzani, mchezo ukaishia hapo.

Halafu Kocha Ruzicka akasimama mbele ya waandishi wa habari, akasema, "Mimi ndiye niliyempa ishara apigize. Nilihesabu vibaya. Kijana wangu mwacheni."

Hapo ndipo Tobin alipochanganyikiwa, kwa sababu hakukumbuka ishara yoyote. Alikumbuka kugeuza kichwa kumtazama Kocha pembeni mwa uwanja. Lakini mikono ya Kocha ilikuwa wapi? Juu? Mfukoni? Akiwa bafuni anaiona kabisa ikishuka. Akijifuta maji, imepotea. Hata picha za video hazikumsaidia, maana kamera ilifuata mpira, haikuwa na shida na Kocha.

Na mambo hayakuwa ya mchezo. Jumamosi hii wahitimu wa zamani wanarudi chuoni kama kila mwaka, wanaandamana barabarani na matarumbeta, kisha wanajaa uwanjani na midomo yao. Walikwisha kuanza kuulizana: kocha asiyeweza kuhesabu mpaka nne ni wa nini? Mji mzima ulijua kwamba timu ikipigwa mbele ya wale watu, Ruzicka anafungasha. Na kama hakutoa ishara yoyote, basi mtu mzima anafukuzwa kazi kwa kosa la Tobin.

"Si uende ukamwambie," alisema Malakai Fonoti, jitu la Kisamoa linaloinama mbele ya Tobin na kumpa mpira kupitia katikati ya miguu. Walikuwa bwaloni, Malakai anachovya mkate wa mdalasini kwenye bakuli la nyama na maharage ya pilipili.

"Nikamwambie nini? Kwamba sikumbuki?"

"Mwambie hukuona ishara."

"Na kama niliiona?"

Malakai akaacha kutafuna. "Aisee, kichwa chako kina shida. Kula, bwana. Jumamosi nitakuhesabia mwenyewe, moja, mbili, tatu. Ukitaka na wimbo nakuimbia."

"Nyamaza wewe."

Alhamisi akajikaza, akaenda ofisini kwa Kocha. Ruzicka akamkaribisha kiti, akamuuliza hali ya mama yake, akamsifu kwa mazoezi. Tobin alipofungua mdomo tu kutaja ule mchezo, Kocha akainua kiganja. "Sheria unaijua. Jumapili tunautazama pamoja, Jumatatu umekufa. Hapa hatufukui maiti." Sauti yenyewe ya upole. Tobin akatoka na swali lake tumboni. Angalau angetukanwa kidogo!

Jumamosi ikafika, na kipindi cha kwanza kilikuwa aibu tupu. Vijana walicheza kama watu walioamshwa ghafla usingizini: wawili wanamkaba mtu mmoja, mwingine anakimbilia kusikokuwa na mpira. Kipindi cha pili, sijui wamepata wapi roho, pasi zile zile zilizokuwa zikianguka zikaanza kudakwa. Tobin hakubadilisha chochote. Wenzake walipompiga mabegani wakimwambia "Leo umewaka!", alitaka kuwauliza amefanya nini.

Sekunde za mwisho zikawakuta nyuma kwa pointi mbili. Mkwaju mmoja tu katikati ya nguzo ungewapa pointi tatu, ila saa ilikuwa inakimbia na kikosi cha mkwaju bado kiko nje. Safari hii Tobin alimwona Kocha bila wasiwasi wowote: mikono yote miwili inashuka, inashuka tena. Pigiza!

"Usipigize!" uwanja mzima ukapiga kelele. "Usipigize, wee mtoto!"

Mkono wa Tobin ukagoma. "Malakai! La ngapi hili?"

"La tatu!"

"Una hakika?"

"La tatu, mbuzi wewe! Haki ya Mungu la tatu! Pokea!"

Akapokea, akafumba macho, akaupigiza chini. Sekunde moja ilikuwa imebaki. Mpigaji wao, kijana mwembamba aitwaye Ansel, akaingia mbio, akaupiga. Mpira ukagonga nguzo, ukasita, ukaangukia ndani. Wahitimu wakakumbatiana na watu wasiowajua.

Kwenye njia ya kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo, Ruzicka alimvuta Tobin pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Navunja sheria yangu mwenyewe," alisema. "Wiki iliyopita. Nilikupa ishara, sikukupa?"

Tobin akaduwaa. "Si ulisema mwenyewe, Kocha?"

"Nilisema kwa kuwa sikuwa na hakika, na ilibidi mtu aseme. Silali, kijana. Mke wangu kanihamishia sebuleni. Nilishusha mikono au nilikuwa najikuna? Wewe ndiye uliyekuwa ukinitazama. Niambie."

Tobin akautazama uso ule uliochoka. Akamwonea huruma.

"Hukunipa ishara, Kocha. Nilipigiza kwa akili yangu."

Ruzicka akashusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta. Kisha damu ikampanda usoni. "Kwa akili yako? Jaribio la nne? Una akili gani wewe? Wiki nzima najiona nimezeeka, kumbe ni wewe, mpumbavu mkubwa! Jumatatu utakimbia mpaka utapike!"

"Ndiyo, Kocha."

"Mpaka utapike, unanisikia?"

"Ndiyo, Kocha."

Matusi aliyoyatamani tangu wiki iliyopita ndiyo hayo, yanamwagika, na Tobin akayapokea yote huku machozi yakimtoka. Kocha akaondoka anapiga mluzi. Tobin akabaki amesimama pale pale. Alikuwa amesema kweli, au amedanganya? Hakujua, na mtu pekee ambaye angeweza kumuuliza alikuwa amekwisha kumwamini.