Mashine Isiyokohoa

Mashine isiyokohoa siiamini. Nilisema hivyo siku mtu aitwaye Kule alipoleta mashine ya mtumbwi kwetu Mudzipela, mtaa wa Bunia, imeviringishwa ndani ya godoro na kufungwa kamba, na nikasema tena alipoitundika kwenye ukingo wa pipa la maji uani ili mume wangu Hilaire aione ikifanya kazi. Alivuta kamba mara moja tu. Mashine ikaamka, maji yakaanza kuzunguka ndani ya pipa, na sauti yake ikawa nyororo kiasi kwamba kuku hawakushtuka. Nikaenda nyuma yake kuangalia moshi unatokea wapi, maana moshi lazima utoke mahali. Hapakuwa na moshi wa maana.

Kule alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Vita vilimwachia mtumbwi mmoja wa mbao bila mashine ya kuaminika wala mtu wa kuuendesha. Hilaire naye alikuwa mwendeshaji asiye na mashine, kwa sababu ile yake ya zamani ilichukuliwa na wenye bunduki pale Kasenyi, ufukweni mwa ziwa. Kwa hiyo walihitajiana. Mimi ndiye niliyekuwa na maswali.

"Hii kitu imetoka wapi?" nilimwuliza Kule.

"Kampala, Mama Hortense. Ni ya kisasa."

"Ya kisasa, nimeona. Miye nauliza ilikuwa ya nani."

Akacheka, akajifuta jasho, akaanza kusifia propela. Miaka ile, mtu mwenye kitu kipya Bunia alikuwa na bunduki au alikuwa rafiki wa mwenye bunduki, na Kule alikuwa na tumbo la mtu mwenye marafiki wengi. Mpaka leo sijapata jibu la swali langu.

"Usichanganye oili na esansi," akamwambia Hilaire. "Oili iko na fasi yake humu ndani. Inajichanganyia yenyewe."

Hilaire amechanganya oili na petroli tangu ujana wake, kwa kuangalia rangi na kunusa. Akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akakunja uso. "Esansi tupu? Itaungua."

"Haiungui."

Hapo mume wangu alikuwa bado upande wangu. Halafu akashika mpini, akaongeza mwendo kidogo, mashine ikaitika bila kusitasita, nikaona uso wake ukifunguka. Nikajua nimempoteza.

Lazima nieleze kwa nini sauti ilinisumbua. Nimezaliwa ziwani, kaskazini mwa Tchomia, chini ya mlima ambako gari halifiki. Kwetu mashine hujulikana kwa sauti. Mwanamke huisikia ya mumewe ingali nyuma ya rasi, akabandika maji jikoni. Mama yangu, Léonie, alitushinda wote. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini angekaa mlangoni akisafisha dagaa na kukwambia huyu ni nani anayekuja, na kama leo amebeba mzigo. Vita vilipokuja, ujuzi ule ukapata kazi nyingine. Mashine inayojulikana, watu wanashuka ufukweni na mabeseni. Mashine ngeni, wanaingia kwenye matete na kunyamaza. Kabla ya kukimbia au kushuka, kijiji kizima kilimtazama mama usoni.

Ile mashine ya zamani ya Hilaire ilikuwa aibu tupu. Haikuwa na kifuniko. Ilikohoa mara mbili, ikanyamaza mpaka ukadhani imekufa, ikakohoa tena, na moshi wake ulitutoa machozi. Mama aliipenda.

Habari zikafika Bunia kwamba kijiji cha jirani na cha mama kimechomwa. Bunia ilikuwa imetulia wiki zile, utulivu wa Bunia, yaani risasi zilikuwa upande mwingine wa mji. Nilitaka mama aje kwetu, na njia ilikuwa ziwa peke yake. Tukashuka Kasenyi na mashine ya Kule. Hilaire akakataa kunibeba, akasema kwanza aone hali. Akaondoka asubuhi kwa mwendo ambao sijawahi kuuona, na alasiri akarudi peke yake.

"Mama iko wapi?"

"Hakuna mutu, Hortense. Kijiji yote. Nyungu iko juu ya moto, bugali ingali na mvuke. Nimeita mama na jina yake. Matete inatikisika, lakini hakuna mwenye kujibu." Akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi. "Bamewabeba batu yote."

Bugali ukiwa na mvuke, aliyeupika hajafika mbali. Nilipoelewa, hasira ilinipanda mpaka nikatamani kuipiga ile mashine teke.

"Hakuna mwenye amebabeba," nikamwambia. "Bamekukimbia weye."

"Miye? Nilisema, ni miye Hilaire."

"Na bale benye kuchoma kule kwa jirani, hawakuita batu na majina?"

Waliita, na kila mtu wa ziwani alijua waliita.

Kesho yake tulienda wawili. Nilinunua chupa ya oili sokoni Kasenyi, ile nyeusi ya bei rahisi, na tulipokuwa bado mbali na kijiji nikamwambia azime. Nikafungua tangi la petroli.

"Utaiua," Hilaire akasema, akanishika mkono. "Kule atasema nini?"

"Kule iko na mama yake Butembo. Yangu iko kule mu matete."

Akaniachia mkono. Nikamimina yote.

Alipoiwasha, baada ya muda moshi ukatoka, wa bluu, mzito, wa kweli. Lakini sauti ilikuwa bado tamu. Hilaire akaitazama ile mashine kama mtu anayeagana na mgeni aliyempenda. Kisha akafungua kifuniko chake chenye kung'aa, akakilaza chini ya ubao wa kukalia, na kelele ikatujaa masikioni.

"Bado," nikasema.

Akachukua kitambaa, akachomoa waya wa buji moja, ile plagi ya kutoa cheche. Mashine ikaanza kuchechemea.

"Bado. Yako ilikohoa mbili, inanyamaza."

"Najua yangu ilikuwa nakohoa namna gani," akasema kwa ukali, akaanza kucheza na mpini, anapunguza, anaongeza. Nikafumba macho ili nisikie vizuri. Tulikuwa watu wazima wawili katikati ya ziwa, tunafundisha mashine mpya ugonjwa wa mashine iliyoibwa. Ningecheka, lakini mtumbwi wa polepole ni rahisi kupigwa risasi, na mlima ulikuwa unatutazama. Halafu ikaja: ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa. Sikujua kama nilikuwa nimeikumbuka vile.

Tukakaribia hivyo. Ufukwe ulikuwa mtupu na majiko hayakutoa moshi. Niliangalia matete mpaka macho yakauma, nikaanza kuwaza kwamba tumechelewa. Kisha yakafunguka, na mama akatoka, maji yakimfika kiunoni, mfuko wake juu ya kichwa.

"Hilaire," akaita, "hii moteri yako itakufa na weye siku moja."

Nyuma yake wakatoka wengine. Tukapakia wanawake na watoto mpaka maji yakakaribia ukingo, wanaume wakasema watapita kwa miguu. Mama akakaa karibu yangu, akanishika mkono, akanipapasa uso. Alikuwa baridi mwili mzima. Hakuuliza lolote mpaka ufukwe ulipobaki mbali.

"Jana bale batu balikuya," akasema. "Na moteri ya sauti ya chini, ile ya baaskari. Mumoja akaniita. Mama Léonie, ni miye Hilaire. Mwana yangu, ilikuwa sauti ya Hilaire kabisa. Nikajifunga kinywa na mukono, maana moyo ilitaka kuitika. Nikalala mu maji mpaka asubuhi."

Hilaire alikuwa pale pale nyuma yake, ameshika mpini. Alisikia kila neno. Niligeuka kumtazama, naye akatazama ziwa.

"Banajua kuiga batu, bale," mama akaendelea. "Lakini moteri, nani anaweza kuiga moteri?"

Nikamfunika mama kwa kitenge changu. Mlima ulikuwa umebaki nyuma sasa, na Hilaire alikuwa amekwisha kuchukua kitambaa ili arudishe ule waya, twende mbio tulizokuwa tunazihitaji. Mkono wake ukasimama juu ya buji; mashine ikitulia, mama angeitambua ile ya jana. Kisha akakunja kitambaa, akakitia mfukoni.

Tulikohoa hivyo hivyo mpaka Kasenyi, na mama akalala begani kwangu.