Maji Yaliyotiwa Shabu

Fundi koki alipopigiwa simu na mkewe kwamba bomba la nyumbani limekauka, na kwamba mama mkwe amechota maji ya mto, alitupa spana akatoka kazini mbio bila kuaga. Alfajiri ile, kwa amri ya msimamizi, yeye mwenyewe alifungua koki ya bwawa la maji machafu ya visima vya mafuta, sumu ikamiminika mtoni. Msimamizi alisema mvua itaificha. Naye, bwana we, akafungua! Mwenye njaa hana miiko.

Alimkuta mama mkwe jikoni, kikombe mkononi, mjukuu akimlilia kiu miguuni. Ndoo ilikuwa imeshatiwa shabu. Tope limetuama chini, maji ya juu meupe pe. Ndivyo mtaa ule ulivyosafisha maji miaka yote, na hapo ndipo walipopotea, maana shabu hukamata tope, sumu haiijui.

Fundi akamwomba asimpe mtoto. Mama akauliza kwa nini. Fundi akaanza kuzungukazunguka, mara hayajachemka, mara yana harufu. Mama akayanusa, akacheka. Akamwambia kazi ya visimani imemdekeza. Huyo mke wake alikuzwa kwa maji hayo hayo na hajapungua kitu. Ili kukata ubishi, akakiinua kikombe aonje yeye kwanza.

Fundi akisema, kazi hana, na uso wa kumtazamia mkwewe hana. Kikombe kikagusa mdomo.

"Mama, usinywe. Yana sumu. Nimeyafungulia mimi leo, kwa mkono huu."

Mama akamwaga kikombe, akamwaga na ndoo. Fundi akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Wapi! Mama akamtia mkononi sufuria na upawa.

"Kwangu umewahi," alisema. "Mtaa mzima umechota asubuhi. Nenda ukagonge mlango kwa mlango. Na mkono uliofungua usiwafiche."

Akatoka akigonga sufuria, aibu imemjaa hadi masikioni. Mlango wa kwanza ulikuwa wa jirani mwenye mapacha. Mapacha wenyewe ndio waliomfungulia, vikombe mikononi, midomo bado imelowa.