Kengele Zilizovuliwa

Kabla sijafika kwenye kona ile nilishuka kwenye baiskeli nikaanza kuisukuma. Njia pale inateremka, kokoto nyeupe za chokaa zinateleza chini ya tairi, na mtu mwingine baada ya mlima wote ule angejiachia tu apumzishe miguu. Mimi huwa nashuka. Siku hiyo nilishuka mapema zaidi, kwa sababu Kostandis wa kijiji cha ng'ambo alikuwa amemzika mkewe Ijumaa, nami nilikuwa njiani kwenda kumpa pole. Kwetu, katika milima hii ya Krete, mchungaji aliyefiwa huvua kengele za kondoo wake wote, na kundi la Kostandis hulishia pale pale chini ya kona. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mialoni. Nikasimama, nikasikiliza.

Baiskeli yenyewe ni ya kaka yangu, Manousos. Wanawake wenzangu huniuliza kama sioni haya, na mvi zangu hizi, kupanda kitu chenye tairi pana za meno kama trekta. Nawajibu kwamba haya niliimaliza zamani.

Manousos alikuwa fundi wa baiskeli kule pwani, na majira ya wageni yakifika aliwaongoza kuvuka milima kwa njia za wachungaji, kijiji hadi kijiji. Kituo chao cha mwisho kilikuwa nyumbani kwetu. Mama aliwalisha jibini na asali mpaka wakashindwa kupanda tena. Baba yetu, Vardis, alikaa mlangoni na fimbo yake akiwacheka.

"Punda wangu hajawahi kupata pancha," alimwambia Manousos kila mara.

"Punda wako, mzee, hana hata breki."

Wakacheka wote wawili. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, wala hawakuwa na maneno mengine.

Baba alikuwa na sifa moja mlima mzima, nayo ni kengele. Kila mchungaji huchagua zake, nzito za madume na nyembamba za majike, akizigonga moja moja dukani kwa fundi hadi milio yao ikubaliane. Mama alikuwa akisema mumewe alichukua muda mrefu kuchagua kengele kuliko alivyochukua kuchagua mke. Manousos alizaliwa ndani ya mlio huo. Hata ukungu ukiwa mzito kiasi gani, alijua kundi ni la nani na liko upande gani wa kona. Wageni wake aliwafundisha jambo moja kabla ya kuteremka: fungeni midomo. Mkisikia kengele, shikeni breki. Msiposikia, njia ni yenu.

Mama alikufa wakati wa kuchuma zeituni. Moyo tu, hakuugua. Tulipotoka makaburini Baba aliingia zizini na nguo zake za kanisani, akawabana kondoo kwa magoti mmoja mmoja, mimi nikifungua mikanda, na kengele zote zikaingia guniani. Akaacha ndevu zikue, akavaa shati jeusi. Tangu asubuhi ya pili mlima ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Nilikuwa naamka nadhani nimeziba masikio.

Manousos aliuliza lini zitarudishwa. Baba akasema ni arobaini ya mama yetu, alfajiri, kabla ya kwenda kanisani, kama ilivyo desturi. Hilo tulilijua sote watatu. Manousos akarudi pwani kwenye kazi yake.

Alfajiri ya arobaini nilikuwa jikoni nachanganya ngano ya kuchemsha na sukari na komamanga, ile tunayowagawia watu baada ya kumwombea marehemu. Baba alibeba gunia akaenda nalo zizini. Baada ya muda nikamwona anarudi nalo, bado limejaa. Nikamuuliza kulikoni.

"Mkono umekataa, Argiro," akasema. "Nikizirudisha, ndiyo kweli ameondoka."

Nikalia, yeye akaliweka gunia nyuma ya mlango. Akasema atalihamishia kundi kwenye malisho ya chini, kisha atatukuta kanisani. Nani angemlaumu? Hakuna aliyewaza baiskeli. Mtu anayekuja kumwombea mama yake huja kwa gari, kavaa suti.

Suti yake tuliikuta kwenye mkoba wa mgongoni, imekunjwa vizuri.

Baba alinisimulia mara moja tu. Kundi lilikuwa linavuka njia pale konani, ukungu umetanda, kimya. Manousos aliteremka kwa kasi yake yote, maana hakusikia kitu, na asiposikia kitu njia ni yake. Akawaona kondoo, akamwona na baba yake katikati yao. Akakata kushoto. Kushoto pale hakuna kitu, ni korongo na mawe.

"Angewagonga kondoo angekuwa hai," Baba alisema. "Hata mmoja hakumgusa."

Ngano ya Mama hatukuila. Manousos tulimlaza sebuleni, na Baba akaenda kukaa zizini, hali, hanywi, hasemi. Shangazi Evgenia, dada yake, ndiye aliyeshika nyumba. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba kwa mke ni arobaini, lakini kwa mtoto wa kiume kengele hukaa guniani kwa miaka. Nilimsikia kwa sikio moja. Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja duniani, na huyo mmoja alikuwa anaondoka huku amekaa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa maishani mwangu.

Asubuhi ya mazishi nilisikia mlio. Mmoja, mzito. Nikadhani akili imeniruka. Kisha wa pili. Nikakimbilia zizini nikamkuta Baba amembana dume kubwa kwa magoti, mkanda haufungiki. Nilimshika yule dume pembe, akafunga, tukaenda kwa mwingine.

Shangazi akatokea na kitambaa chake cheusi mkononi. "Vardis, jeneza la mwanao liko sebuleni nawe unapamba kondoo? Watu watasema huna uchungu."

"Waseme," Baba akajibu bila kuinua kichwa. "Kimya changu kimeniulia mtoto."

Tulimzika Manousos huku kengele zinalia mlimani. Padri alilazimika kupaza sauti. Wanaume wengi walimtazama Baba kama mtu aliyelewa msibani, na tangu siku hiyo kule mkahawani walimgeuzia mgongo. Miaka yote iliyobaki alikunywa kahawa yake peke yake. Alipokufa, majira ya baridi ya mwaka juzi, kundi likawa langu, nami sikuvua hata kengele moja. Wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sawa.

Basi siku ile nilisimama konani na baiskeli mkononi. Nilisikia upepo tu. Nikajiambia, naye amezivua, ndivyo walivyo, utawaambia nini, ngoja kondoo wavuke taratibu. Halafu kutoka chini ya ukungu ikaja kengele ya dume. Nyuma yake nyembamba, moja, mbili, kisha kundi zima.

Kostandis akatokea na shati jeusi na ndevu za siku chache. Alikuwa mmoja wa wale waliomgeuzia baba yangu mgongo. Aliitazama baiskeli kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Pole sana, Kostandis."

"Nimekwisha poa." Akapekuapekua kokoto kwa ncha ya fimbo. "Gunia nilikuwa nimelishika, Argiro. Kengele ya kwanza nikaivua."

"Ikawaje?"

"Nikawa kama nasikia tairi kwenye mawe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Baba yako sikumwambia kitu. Miaka yote ile."

"Hukumwambia," nikasema.

Alitaka kuendelea, lakini kondoo walikuwa wametufikia. Wakapita pande zetu zote mbili wakilia, mlio mkubwa hata hatukuweza kusemezana, nami nikaona vidole vyangu vimeshika breki, ingawa baiskeli ilikuwa imesimama.