Gari Halitoki Bila Pua

Asubuhi ile maziwa yaliungua jikoni, naye bwana wa nyumba amekaa pale pale anafunga kamba za viatu, asisikie harufu yoyote. Mkewe ndiye aliyetoka bafuni mbio, akazima jiko, akamuuliza kama anaota. Akajibu ana mawazo tu. Mke alipogeuka, bwana akakata kitunguu akakisogeza puani. Wapi! Akajaribu siki. Akajaribu hata soksi zake za jana, ambazo kwa kawaida humkimbiza paka. Hakuna kitu. Machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kitunguu.

Angekuwa mtu mwingine, tungempa pole tukapita. Lakini huyu kazini wanamwita Pua, na jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa pua yake, ingawa nayo si haba. Ni fundi wa mabomba ya mafuta kwenye karakana ya magari ya mashindano, ndani ya kiwanda kikubwa cha magari. Gari likiwa tayari, Pua hupiga magoti nyuma ya tangi, mahali ambapo maungio ya bomba yamefichwa na bamba la chuma na jicho halifiki, akanusa. Petroli ikivuja hata tone, anaijua. Akiridhika huinua kidole gumba, na hapo ndipo dereva anapoingia. Zamani kulikuwa na kifaa cha kupima uvujaji. Maradhi yalipoingia, kiwanda kikaacha kuunda magari, kikaanza kuunda mashine za kupumulia wagonjwa, na kifaa kikahamishiwa huko. Nani angebisha, watu wanakufa? Basi ikabaki pua.

Na dereva mwenyewe ni nani? Kaka wa mkewe, shemeji yake wa utani, kijana aliyekuwa akimwambia kila siku kwamba dada yake aliolewa kwa huruma.

Wafanyakazi karibu wote wa kiwanda walikuwa wamesharudishwa nyumbani. Karakana ilibaki kwa ajili ya shindano moja tu, la kwanza tangu maradhi yaanze, litakalofanyika bila watazamaji. Bosi alisema waziwazi: akiugua mmoja, wote wanafungiwa majumbani, na gari lisipofika mashindanoni, karakana inafungwa moja kwa moja. Msinitolee ile methali ya mficha maradhi na kilio, naijua kuliko nyinyi. Aliyeitunga hakuwa na watoto wawili na karakana moja mjini.

Getini mlinzi akampima joto kwenye paji la uso. Halikuwa limepanda. Akapita, asigeuke nyuma.

Gari lilikuwa limeshatolewa uani, kwenye barabara ya majaribio. Lori la kulipeleka mashindanoni lilikuwa linangoja jaribio liishe. Walikuwepo watu wanne tu, wamesimama mbali mbali na barakoa zao: msimamizi, fundi wa umeme, dereva na yeye. Pua akapiga magoti, akashusha barakoa, akavuta pumzi. Hewa iliingia, ikatoka, haikumwambia lolote. Akavuta tena. Nyuma yake msimamizi alikuwa anamhimiza afanye haraka. Kidole gumba kikainuka, na Mungu ndiye anayejua nani alikiinua.

Shemeji akamtania kwamba magoti yake yanalia kuliko injini, akaingia, akajifunga mikanda. Injini ikawaka. Pua akarudi nyuma kama wenzake, na hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Akilini alimwona mkewe mlangoni, akimuuliza kaka yake kaungulia wapi, na nani alisema gari ni zima. Miguu ikamtoa mahali alipokuwa. Akasimama mbele ya gari, mikono ameitandaza.

Injini ikazimwa. Msimamizi akaja juu, akauliza kama amerukwa na akili.

"Sisikii harufu," Pua akasema. "Tangu asubuhi. Nimewadanganya."

Fundi wa umeme, mama mtu mzima aliyevaa barakoa mbili, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Msimamizi akamtolea Pua maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Kisha ghafla akateremsha sauti. Walioyasikia haya, akasema, ni sisi wanne. Pua aende nyumbani, aseme tumbo linamsumbua. Gari atalinusa yeye mwenyewe, nalo litaondoka. Akapiga magoti, akavua barakoa, akanusa taratibu kama anayechagua manukato dukani.

"Pakavu kabisa," akasema. "Haya, kazi iendelee."

Pua alitaka kuamini, jamani, alitaka kwa roho yake yote. Lakini bomba lile alilifunga jana jioni, na leo hakuwa na uhakika hata na jana. Akaomba bamba lifunguliwe. Msimamizi akakataa katakata: lori halitangoja. Pua akageuka. Alimtazama shemeji yake kupitia kioo, na safari hii hakuna aliyetania.

Dereva akafungua mikanda, akashuka, akachukua spana, akalala chini ya gari. Msimamizi bado amepiga magoti pale pale, anafoka kwamba wanapoteza muda, uso wake uko juu kabisa ya bamba. Nati ya mwisho ikatoka. Bamba likashuka, na petroli ikateremka kwenye kiganja cha dereva mpaka kwenye kiwiko.

"Yesu na Maria," fundi wa umeme akasema kutoka ukutani, akiziba pua juu ya barakoa zake mbili. "Harufu imefika mpaka huku."

Msimamizi alikuwa hajasogea. Aliitazama petroli inavyodondoka chini ya pua yake, tone kwa tone. Wote wakawa wanamtazama yeye.

"Tangu Jumatatu," akasema.

Pua alidhani shemeji yake atampiga, na asingemzuia. Dereva alinyanyuka, akajipangusa mkono, akachomoa simu kwenye mfuko wa shati la msimamizi, akamwekea kiganjani. Akamwambia ampigie bosi. Msimamizi akapiga, akaanza kwa kujitaja yeye mwenyewe.

Karakana ilikuwa imekwisha, na kila mmoja pale alilijua hilo. Pua akakaa chini kwenye lami akalia waziwazi, akimtazama shemeji yake anavyotembea, mzima.