Makofi ya Kilo

Uvumi ulimkuta Nyamburi kwenye mashine ya kusaga: uwanja wa mtaa umeshagawiwa, utazungushiwa ukuta. Alijaribu kuupuuza, nao ukamng'ang'ania kama harufu ya dagaa kwenye kitenge. Katikati ya uwanja ule ilipita njia ya mwanawe Ghati kwenda shule. Ukifungwa, mtoto angelazimika kuzunguka kwa barabara kuu, ubavuni mwa malori ya Bunda ambayo yakishika kasi pale Bweri hayajui mtoto wa nani.

"Si uulize mkutanoni?" alisema jirani yake Getruda, muuza dagaa. "Serikali ya mtaa ni ya nini sasa? Ila ungoje mengineyo, mwisho wa ajenda. Ukidandia ajenda za watu, watakuzomea."

Jumamosi wakaketi mbele ya ofisi ya mtaa, wengine kwenye mabenchi, wengine juu ya mawe. Swali lake Nyamburi alikuwa amelikariri njia nzima, na sasa alilishika mdomoni kama mtu aliyekatazwa kumeza. Masatu, mwenyekiti wa mtaa, alisema habari za usafi, akasema za mitaro, kisha akamsimamisha mwanamume mmoja mnene aliyevaa kaunda suti.

"Mgeni wetu, Bwana Leonardi. Ndiye atakayetujengea maegesho ya malori pale uwanjani. Jamani, makofi ya kilo!"

Pa! Pa! Pa!

"Mwenyekiti, hiyo robo!" Getruda akapaza sauti. "Mizani yako imechakachuliwa!"

Watu wakaangua kicheko, wakapiga tena kwa nguvu. Nyamburi naye akapiga. Neno uwanjani alilisikia, lakini mikono ilikwisha kwenda. Tangu utoto ilifunzwa kwamba mgeni hapokewi kwa kununa. Tena mengineyo yalikuwa bado.

Yalipofika, akasimama.

"Mwenyekiti, nauliza habari ya uwanja. Watoto watapita wapi?"

"Mama Ghati, hilo tumeshalipitisha."

"Lini?"

"Si hapa hapa? Mmepiga makofi, tena mkarudia."

"Yale yalikuwa ya mgeni! Makofi tunapigaga kila mgeni akija."

"Huyu hakuja mikono mitupu, amekuja na jambo lake." Masatu hakuwa mkali, alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mtu njia. "Mkimpokea yeye, mmelipokea na jambo."

Nyamburi akamgeukia Getruda. Getruda alikuwa akichokonoa ukucha.

"Hata wewe ulipiga," Getruda akanong'ona. "Nilikuona."

Nyamburi alitaraji hasira impande. Haikuja. Ilikuja ganzi tu, ile ya mguu uliokaliwa mno, ikapanda polepole hadi kifuani na kukaa hapo. Akaketi. Mtu mmoja akaombwa kufunga kwa sala, na midomo ya Nyamburi ikasema amina pamoja na ya wengine.

Ukuta sasa umesimama, na malori yanaingia na kutoka. Kila asubuhi Nyamburi humfunga Ghati vifungo vya sweta, akimwambia maneno yale yale kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

Usitembee upande ambao malori yanakujia mgongoni.

Usifuate kitu kilichokuponyoka barabarani, hata kiwe daftari.

Usipite nyuma ya lori linalorudi nyuma, hata dereva akikuchekea.

Usipande bodaboda ya mtu nisiyemjua.

Usivuke kwa sababu wenzako wamevuka.