Nashukuru Mia Tatu na Kumi na Moja

Profesa wetu tulimwita Bwana Rangi. Hakuwa mchoraji, alikuwa mtu wa kufungua kompyuta mbele ya wageni, akaonyesha duara lililogawanywa kijani, njano na zambarau, kisha akanyamaza ili watu washangae. Chuo kilinunua programu ya kuchambua mahojiano, na yeye ndiye aliyepewa kuifundisha. Kuifundisha! Mtu ambaye hata kuifungua aliniita mimi, msaidizi wake wa utafiti, nishuke kutoka ghorofa ya pili.

Mahojiano yenyewe niliyafanya mimi. Wanawake arobaini na wawili waliojifungulia katika hospitali moja, nikawafuata makwao, nikakaa kwenye vigoda na kwenye kingo za vitanda vyao, nikawasikiliza. Kisha nikayaandika yote kutoka kwenye rekoda, neno kwa neno, mpaka masikio yakaota sugu. Nilimwomba miezi mitatu niyasome na kuyawekea lebo, sentensi kwa sentensi.

"Miezi mitatu ya nini, dada?" akacheka. "Karne hii bado unasoma? Mashine inasoma."

Akaiamuru mashine itafute neno "nashukuru". Ikalikuta mara mia tatu na kumi na moja. Yote akayasomba, akayamwaga chini ya lebo moja: Kuridhika na Huduma. Dakika nne. Nilimwambia watu hushukuru hata msibani. Akanitazama kama anayetazama nzi kwenye chai.

"Hisia zako ziache nyumbani. Hii ni sayansi."

Wiki iliyofuata akayapeleka matokeo darasani, mbele ya wanafunzi thelathini wa uzamili, na mkuu wa kitivo kiti cha mbele. Duara likawaka ukutani, karibu lote kijani. "Akina mama wameridhika," akatangaza, kifua mbele, kana kwamba kawazalisha yeye. "Ripoti inakwenda hospitalini Ijumaa."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikishikilia waya wa projekta uliolegea, maana kazi yangu siku ile ilikuwa hiyo. Nikajikaza. Nikasema, "Samahani, Profesa. Ukibonyeza hapo kwenye kijani, maneno yenyewe yanatokea. Wanafunzi wangependa kuyaona."

Hakujua kama yanatokea. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, mwishowe mwanafunzi mmoja akamwonyesha. Yakafunguka maneno ya fundi cherehani mmoja, na kwa kuwa Profesa alikwishaanza kusoma kwa sauti yake ya jukwaani, hakuweza kurudi nyuma:

"'Nashukuru. Niliita kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, hakuna aliyekuja. Mtoto akanifia mikononi. Nesi akaniambia nipishe kitanda. Nashukuru, nilipisha.'"

Mkuu wa kitivo, mama asiyependa maneno mengi, akasema, "Soma la pili." Akasoma. La tatu nalo. Kufikia la tano, kola ilikuwa imelowa jasho.

"Programu ina hitilafu," akasema.

Hapo ndipo hofu yangu kwake ilipokwisha, ikabaki dharau tupu. Kumsingizia mtu ni kubaya. Kuisingizia mashine iliyotii amri yako mwenyewe ni uzuzu.

"Haina," mkuu wa kitivo akamjibu. "Ilitafuta neno ulilolitaka. Kusoma ilikuwa kazi yako."

Ripoti ikasimamishwa. Nikapewa miezi yangu mitatu, nikayasoma yote, na programu ile ile ikanitunzia lebo zangu bila kupoteza hata moja. Sina ugomvi nayo. Lebo niliyoitumia zaidi ilikuwa Kuita Bila Kuitikiwa. Bwana Rangi, macho makavu, alidai jina lake litangulie kwenye jalada la ripoti mpya. Likatangulia.

Hospitalini niliipeleka mwenyewe. Mkunga mkuu aliisoma akiwa amesimama, ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akavuta kiti.

"Wodi ile zamu nzima ina mkunga mmoja," akasema. "Miaka sita naandika barua kuomba wengine. Keti, mwanangu, tuisome yote."